Silaha ya shujaa iwe na pa kukaa

Mhariri,

Mashujaa wa katuni wametapakaa Mombasa. Wako ubavuni mwa matatu, mgongoni mwa tuktuk, na kwenye kurasa za watoto za magazeti, lenu likiwemo. Rangi zimekolea na nyuso zina uhai, lakini ukifika kwenye silaha mambo yanakwenda mrama. Kijana anachora upanga unaong'aa, halafu ukiuliza shujaa akimaliza kupigana anauweka wapi, mchoro hauna jibu. Sisi tunaochora kazi hii tunaandika kwa sababu kasoro yenyewe hurekebishwa kwa rula na penseli tu, hata na asiye na kipaji kikubwa.

Tuanze na yule anayeigwa sana, Wolverine wa kampuni ya katuni ya Marekani, Marvel, shujaa mwenye makucha marefu ya chuma yanayochomoza kwenye ngumi. Umbo lake la kwanza lilibuniwa na John Romita Sr., na Herb Trimpe akamchora alipojitokeza mwaka 1974. Mwandishi wake, Len Wein, alikusudia makucha yawe ya glavu. Mwaka 1976 ndipo wasomaji walipoonyeshwa kwamba yanatoka mwilini, na hesabu ikaharibika hapo hapo, maana glavu unaweza kuishona upendavyo ila mkono una mifupa yake.

Kimo chake rasmi ni futi 5 na inchi 3, yaani sentimita 160. Kigasha cha mtu wa kimo hicho, toka kiwiko hadi kifundo cha mkono, ni kama sentimita 24. Wachoraji wengi humpa makucha ya sentimita 30 na zaidi. Yarudishe ndani uone: ama yatachungulia nyuma ya kiwiko, ama yatavuka kifundo cha mkono, na kiganja kikose kukunjika kabisa. Hapo hata kijiko hawezi kukipeleka mdomoni. Tena kucha iliyotoka lazima iache shina ndani ya kiganja, walau sentimita 4, la sivyo itang'oka kwa pigo la kwanza. Toa hizo 4 katika 24, utabaki na sentimita 20 za kuonekana nje. Ndicho kipimo cha kweli, na kwa macho yetu kinapendeza kuliko mapanga marefu, kwa kuwa ngumi inabaki ndiyo kubwa kwenye picha.

Mahali pa kutokea napo pana sheria. Nyuma ya kiganja kuna mifupa minne inayobeba vidole vinne, na kati yake nafasi tatu. Ndiyo maana makucha matatu yanakubalika, na la nne utalitolea wapi? Yapite kwenye nafasi hizo, yatokeze nyuma kidogo ya vifundo vya vidole. Ukiyapitisha juu ya kifundo chenyewe, umepasua mfupa. Wakati yanapochomoza, kigasha na ngumi viwe mstari mmoja; picha yenye mkono uliopinda huku makucha yako nusu njiani ni kosa, hata mchoraji awe maarufu namna gani. Wengine huyatawanya makucha kama vidole vya mtu anayeaga. Yakitawanyika hivyo hayarudi, kwani kifundo cha mkono kina upana wa sentimita 6 hivi. Yakae sambamba. Ukitaka yapinde, chukua bikari, chora duara kubwa, na kila kucha iwe kipande cha duara hilo hilo, kama jambia lililopinda linavyoingia kwenye ala yake. Mpindo usizidi sentimita 1 kwa urefu wote.

Kuhusu ala tutasema mawili tu. Sime ya Kimaasai hupanuka kuelekea nchani, lakini vijana wanaichorea ala yenye mdomo mwembamba kuliko bapa, sasa iliingiaje? Mdomo wa ala ni sharti uwe mpana sawa na sehemu pana kabisa ya sime. La pili ni upanga wa mgongoni. Mkono ukivuta juu ya bega unafika mwisho kabla upanga wa sentimita 90 haujatoka, na shujaa anabaki amekwama. Mwekee mfupi, au muhamishie ala kiunoni.

Sasa tuje nyumbani. Tunashangaa kwamba vijana wa pwani wanahangaika na makucha ya Marekani, na Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, yuko hapa hapa, pandikizi la mtu ambaye hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kisa chake chote kimesimama juu ya silaha na mwili. Basi hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Anza na tupa. Alipofungwa, mama yake alimpelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, akakatia minyororo. Tumeona michoro ambayo mkate ni wa kushikwa kwa mkono mmoja, halafu tupa inayotoka ni ya sentimita 40. Pima mkate kwanza. Mkate wa sentimita 25 unaficha tupa ya sentimita 20, na huo ndio urefu wa tupa ya kawaida ya fundi.

Ukubwa wa Liyongo nao hauji kwa kumvimbisha. Mtu wa kawaida ni vichwa saba na nusu kwa urefu, yaani urefu wa kichwa chake mara saba na nusu. Shujaa wa katuni huchorwa vichwa vinane hadi tisa. Kichwa kibaki kidogo, nyongeza iende miguuni, na mabega yawe mapana. Ukikuza kila kitu pamoja na kichwa unapata mtu yule yule aliyesogea karibu, na msomaji hatamwona kuwa jitu mpaka umsimamishe kando ya mlango au mtu mwingine.

Kitovu ndicho kinachowashinda wengi. Kwa mwili wa vichwa vinane, ukipiga mstari kila kichwa kinapoishia, kitovu huangukia mstari wa tatu kutoka utosini na kinena mstari wa nne. Misuli ya tumbo inakatwa na kano za kulala, kwa kawaida tatu, na ya chini kabisa iko karibu na kitovu. Chini ya hapo msuli hushuka bila kugawanyika. Vijana huendeleza mafungu hadi kwenye mshipi, wakapata manane au kumi, na kitovu kikasukumwa chini kikafichwa na nguo. Kwa shujaa mwingine tungesamehe. Kwa Liyongo, kitovu kikipotea kisa kimepotea.

Halafu kuna ule uta. Baada ya kuchomwa alikwenda kisimani, akapiga goti na kuvuta uta, akafa akiwa hivyo hivyo, na watu wakaogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, uta uko kushoto, na mkono wa kulia unavuta mpaka taya, si mpaka kifuani. Kiwiko cha kulia kikae kwenye mstari wa mshale. Kombe la bega lisogee kuelekea uti wa mgongo, kwa sababu kazi inafanywa na mgongo. Mchoraji anayevimbisha misuli ya mkono peke yake hajamtazama mpiga mishale. Upote, yaani kamba ya uta, haurefuki. Ukiuvuta nyuma, ncha mbili za uta lazima zikaribiane, na ukizichora zilivyokuwa umegeuza upote kuwa mpira. Kipimo cha mvuto ni urefu wa mikono iliyonyooshwa pande zote, ugawanye kwa 2.5, mwenye sentimita 200 huvuta kama 80, na mshale uzidi hapo kidogo.

Mwisho ni ombi kwako, Mhariri. Katuni za Marekani huchorwa kwenye nafasi ya sentimita 25 kwa 38, kisha zikachapwa kwa karibu theluthi mbili ya ukubwa huo. Vijana wanaokuletea kazi wanachora kwenye A4, nawe unaipunguza mpaka safu moja ya gazeti. Mstari wa milimita 0.3 unabaki chini ya 0.1, na karatasi ya gazeti inanyonya wino mpaka mistari ya kivuli inashikana. Sindano ya shaba kwa ukubwa huo haionekani kabisa. Wape safu tatu, na utangaze kipimo cha karatasi mapema ili wajue wachore kwa kalamu ya unene gani.

Wachora katuni,
Mji wa Kale, Mombasa