Darasa la mtandaoni ligeuzwe

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hii ishu ya vyuo kufundisha kwa mtandao, maana wanafunzi wengi wako Ukerewe, Sengerema, Magu huko, na mwalimu anaongea masaa mawili mfululizo mpaka bando linakata, mtu anabaki anaangalia kiduara kinazunguka kwenye simu. Hiyo sio kusoma kabisa.

Mi naona wageuze. Notsi na odio fupi zitumwe mapema WhatsApp, mtu asome mwenyewe kwa muda wake, halafu muda wa laivu uwe wa kazi za kundi tu. Mwalimu mmoja, Larry Michaelsen, alianza mtindo huo wa kusoma kwanza kisha kazi za kundi Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya darasa lake kujaa: kila mtu anafanya jaribio peke yake, kisha kundi la watu 5 hadi 7 linafanya lilelile pamoja, wanabishana mpaka wakubaliane jibu moja. Hapo kwenye kubishana ndo mtu anaelewa, na asiyesoma anajulikana mapema.

Vyuo vyetu vianze na somo moja moja muhula ujao, na tafadhali makundi wapange walimu, wanafunzi wakijichagulia wanaenda na marafiki zao tu, wa visiwani wanabaki wenyewe na mtandao wao mbovu.

Mwanafunzi,
Nyegezi, Mwanza