Waliotuletea dawa ya tumbaku warudi kuchukua madumu yao

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Nimesoma gazeti lako miaka mingi, nikakasirika kimoyomoyo, likaishia kufungia vitumbua na maisha yakaendelea. Lakini ile habari yenu ya kikao cha wadau wa afya na usalama wa jamii hapa Tabora, yenye picha ya watu waliovaa fulana mpya, imenishinda kunyamazia. Mliandika kwamba wadau wamebainisha vihatarishi, na kimojawapo ni wananchi kubebea maji na vyakula katika vifungashio vya viuatilifu, yaani hizi dawa za shambani za kuua wadudu. Sawa, hilo kweli lipo. Kisha mkamalizia kwamba wananchi wametakiwa kuacha tabia hiyo mara moja. Basi. Chini yake tangazo la viwanja.

Hivi mwandishi wako hakupata hata nafasi ya kumwuliza mmoja wao, wakati wa chai, kwamba dumu likiisha dawa liende wapi?

Kazi yangu ni kununua asali. Nazunguka Sikonge, Urambo, Kaliua, nikirudi najaza mapipa, nauza. Kwa hiyo habari za madumu mtu asinifundishe. Nyumba ambayo maji yanafuatwa mbali, hakuna anayetupa kitu chenye mfuniko. Na dumu la dawa ni dumu zuri, tusidanganyane: plastiki nzito, mpini imara, mfuniko unaokaza vizuri kwa sababu limetengenezwa lisivuje kitu kikali. Ukimwambia mama aliyelipata bure alitupe, huku dumu la kununua linauzwa sokoni kwa pesa ambayo hana, umemwambia nini?

Msimu uliopita nilikuwa kwenye gulio moja huko Sikonge. Mama mmoja alikuwa na asali nzuri sana, asali ya miombo iliyotulia, haina nta wala nyuki waliofia humo. Nikaionja, nikaikubali, bei tukakaribiana. Nikamwomba nione aliyobakiza, akanisogezea dumu jeupe la lita tano. Lebo ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, gundi yake imeshika vumbi, na karibu na mpini kimebaki kipande cha ule mstari wa njano wa kutahadharisha sumu. Nikafungua mfuniko. Kwenye nyuzi zake, kule ndani ambako kidole hakifiki, kulikuwa na ukoko mweupe. Nikamimina maji yangu ya kunywa kidogo kwenye mfuniko, nikauzungusha. Maji yakawa meupe kama tui. Nikamwuliza kwa adabu, mayo, dumu hili limetoka wapi? Akasema bila kuficha: la baba watoto, la dawa ya tumbaku, ila nimelisuuza kwa maji ya moto na majivu mpaka likaisha harufu. Na hakusema uongo, harufu halikuwa nayo. Akaongeza kwamba lingine kama hilo lipo nyumbani, ndilo wanalowekea maziwa. Nikamwambia asali hii sichukui. Akanijia juu, eti wafanyabiashara wa mjini tuna hila, nikishaona mali ni nzuri naitafutia kasoro ili niishushe bei. Watu wakajaa. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akatoa pesa taslimu, akalibeba dumu lile lile kwa bei ile ile, akaondoka ananicheka. Asali hiyo imeshaliwa, Mhariri. Haikosi kupita meza ya mtu anayesoma barua hii, na kama ni meza ya mdau yeyote wa kile kikao sitashangaa.

Kwa wale wanaodhani majivu yanatosha, waelewe kinachotokea. Dawa nyingi za kupulizia zimeyeyushwa kwenye vimiminika vya jamii ya mafuta, ndiyo maana zikikutana na maji zinageuka nyeupe. Dawa ya namna hiyo haikai juu ya plastiki tu, inapenya ndani yake, na baadaye inatoka kidogo kidogo kuingia katika kile ulichotia, hasa chenye mafuta kama maziwa au mawese. Unaweza kusugua mpaka kesho. Na zile za jamii ya oganofosfeti hupiga mishipa ya fahamu: mtu hutoka jasho na udenda, macho hulia, hutapika, mboni husinyaa, pumzi hubana. Huku kwetu mtoto anayetapika wa kwanza kushukiwa ni malaria. Asipokuwepo wa kumwambia mganga kwamba kwenye uji kulikuwa na maziwa ya dumu fulani, nani atakisia?

Mtaniambia maelekezo yapo kwenye lebo. Yapo, kwa herufi za kusomwa na siafu, na ndiyo hayo hayo wanayoyasema FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya: suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba la kupulizia yamalizikie shambani, toboa chombo, kisitumike tena, kipelekwe kinakokusanywa. Kusuuza mara tatu ni kwa usalama wa yule atakayekuja kulichukua dumu. Anayekuja kulichukua ni nani? Mkulima akilichoma, moshi wake anauvuta yeye na wanawe. Akilifukia, analifukia hatua chache kutoka kisimani. Akiliweka, mke wake atalisuuza kwa majivu.

Na hapa ndipo damu yangu inapochemka. Dawa hii haikuanguka kutoka mbinguni. Inakuja kwa lori mpaka mlangoni mwa chama cha msingi cha wakulima, kwa mkopo. Kila chupa inahesabiwa, inaandikwa kwenye leja na jina la mkulima mbele yake, naye anatia sahihi au dole gumba. Miezi inapita, tumbaku inavunwa, inakaushwa kwenye mabani, inafungwa marobota, inateuliwa kwa madaraja, inapimwa, na siku ya malipo ile chupa moja ya dawa inakatwa kwenye pesa yake mpaka shilingi ya mwisho, hata kama tumbaku yenyewe imechapwa na mvua ya mawe. Mfumo wenye kumbukumbu kali kiasi hicho unashindwaje kujua chupa tupu iko wapi? Deni la dawa linamfuata mkulima mpaka kaburini, sumu iliyobaki kwenye dumu inaitwa tabia ya wananchi.

Halafu hivi vikao vyenu vya vihatarishi. Mwaka 2020 ilipokuja korona, na tena Machi 2023 homa ya Marburg ilipoingia Kagera, kila mlango ulikuwa na ndoo ya koki na sabuni. Nendeni mkazitazame leo. Nyingine zimeng'olewa koki. Ofisi moja niliyokwenda kufuatilia kibali, ndoo imefungiwa stoo ikisubiri kiongozi apite. Choo cha stendi unalipia, ndani hakuna tone la maji. Kipindupindu kinapenda msimu wa mvua, hakisubiri tangazo la kitaifa. Nimetoka kidogo kwenye mada, ila ugonjwa ni huo huo wa kusema na kuondoka.

Brazil, wanaolima tumbaku nyingi kuliko sisi, walitunga sheria mwaka 2000: mkulima arudishe chombo, muuzaji atenge mahali pa kukipokelea, mtengenezaji aje akichukue. Vyombo vingi mno, zaidi ya asilimia 90, vinarudi. Sisi tuna Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na mamlaka ya viuatilifu makao makuu Arusha, kwa hiyo tusisingizie kukosa mwenyewe wa jambo.

Pendekezo langu. Kwenye leja ile ile iongezwe safu moja: amana ya shilingi 2,000 kwa dumu, 500 kwa chupa. Mkulima akirudisha chombo kilichotobolewa matundu matatu kwa msumari wa inchi nne, chini kwenye kitako, si ubavuni ambako mtu ataziba kwa plastiki ya moto, anarudishiwa pesa yake mbele ya mteuzi. Kisichotobolewa hakilipwi. Lori linaloleta mbolea linarudi tupu, libebe hayo. Lisiwe lori moja na marobota, nawajua mnavyopenda kubana gharama.

Kama hilo ni gumu, basi kikao kijacho maji ya chai ya wadau yachotwe kwa dumu la dawa lililosuuzwa kwa majivu. Dumu sitashindwa kuwapatia, nikipita gulioni nitawanunulia kwa pesa yangu.

Vitalu vya tumbaku vinaanza kumwagwa mbegu Agosti na Septemba. Safu hiyo ichorwe kabla lori la kwanza halijapakua.

Mnunuzi wa asali,
Isevya, Tabora.