Nozeli nne kwa kosa la mfuko wa rambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nieleze yaliyolikuta gari langu. Mimi ni mama wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Nina pikapu moja, Hilux ya mwaka 2008, injini ya dizeli aina ya 2KD, lita 2.5, yenye turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini. Hiyo ndiyo inayopeleka magunia Sengerema na Geita, na hiyo hiyo ndiyo inayolipa ada za watoto.

Lilianza kukosa nguvu, lakini kwa namna ya ajabu. Asubuhi linawaka mara moja, linapita Mkolani na Buhongwa halina neno, linafika Usagara. Ukishakata kona kuelekea Kigongo ndipo unasikia limechoka. Dereva anakanyaga mafuta mpaka chini, injini inanung'unika tu, anarudi gia ya tatu, anarudi ya pili. Lile daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 lina kama kilomita 3, na siku hiyo tulilivuka huku bodaboda wanatupita wamepakia abiria wawili wawili.

Tukasimama Busisi. Dereva akafungua boneti akawa anaitazama injini, mimi na utingo tukanunua mahindi ya kuchoma. Robo saa baadaye akawasha, gari likavuta kama halijawahi kuugua. Tulipokaribia Sengerema, yale yale. (Enzi za pantoni ningechelewa kugundua, maana foleni ya kivuko peke yake ingelipumzisha.)

Gereji niliyoipeleka siitaji. Kijana akachomeka mashine ya kupimia, ikatoa namba P0087, maana yake presha ya mafuta imeshuka kwenye reli, lile bomba linalogawia mafuta nozeli zinazoyanyunyiza ndani ya injini. Hakuuliza linachoka wapi, wala baada ya muda gani. Akasema, "Mama, hapo nozeli zimekufa, na valvu ya pampu nayo." Nikalipa milioni 2 na laki 3 kwa valvu na nozeli nne zilizotumika, fedha ya mchezo niliyoipokea wiki ile ile. Gari lililala pale siku tatu. Siku ya nne nikapakia magunia, na pale pale darajani bodaboda wakatupita tena. Niliporudi naambiwa, "Basi mama, itakuwa turbo."

Neno hilo "itakuwa" ndilo lililonifanya niondoe gari langu.

Jirani yangu ni mzee aliyewahi kuwa fundi wa injini za meli hapa ziwani, sasa amestaafu na kufuga kuku. Nilimpitia jioni. Kabla hajagusa chochote akauliza, "Mayu, likichoka linatoa moshi gani?" Dereva akajibu, "Halitoi moshi, mzee." Mzee akasema turbo tuiache.

Alinieleza, na nimeelewa mimi ambaye hata tairi sijui kufungua. Dizeli ikiwa nyingi na hewa kidogo, moshi unakuwa mweusi. Hapo ndipo unatafuta filta ya hewa iliyoziba, mpira wa turbo uliopasuka, au turbo yenyewe. Gari likikosa nguvu na moshi mweusi haupo, mara nyingi mafuta ndiyo hayafiki. Filta ya hewa aliifungua hata hivyo. Akaigonga chini vikadondoka vidudu vya ziwani, vile vinavyosimama kama wingu la moshi juu ya maji, vimekauka kama pumba. Akasema hicho nacho kingetuletea kesi yake siku moja, lakini si ya leo.

Kisha akasema jambo ambalo kila fundi angepaswa kulifikiria: nozeli iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa robo saa. Kinachopona ukizima na kurudi ukiendesha mara nyingi ni kitu kinachovutwa na kuachiwa.

Kesho yake akaja na dumu la lita 20. Akalisafisha, akalijaza dizeli safi, akalifunga kwa kamba nyuma ya kibini lisitikisike. Mpira unaotoka kwenye tanki kwenda kwenye filta akauchomoa, akaunga mpira mwingine wa kuonea ndani, akauzamisha dumuni. Mpira wa mafuta yanayorudi nao akauelekeza humo humo, maana usipofanya hivyo dumu linakauka njiani na dizeli yote inahamia tankini. Tukapakia magunia yale yale. Usagara, Kigongo, daraja lote kwa gia ya nne! Busisi hatukusimama. Tuligeuzia Sengerema, na kurudi vile vile.

Kwa hiyo pampu nzima, nozeli nzima, kompyuta nzima. Kosa liko kati ya tanki na filta, na kulijua kumenigharimu dizeli ya kwenda na kurudi.

Tukashusha tanki chini ya mwembe. Mzee akamimina mafuta kwenye beseni akiyapitisha kwenye kipande cha kanga. Mchanga kidogo, kutu kidogo, halafu kikatoka kitu cheusi, laini, ukubwa wa kiganja: kipande cha mfuko wa rambo, ile ya plastiki. Mifuko iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019, na mmoja ulikuwa umejificha kwangu! Utingo akainamisha uso. Kifuniko cha tanki kilipotea zamani kidogo, tulipokuwa tunanunua mafuta ya madumu vijijini, naye akaziba mdomo kwa rambo mpaka tulipopata kifuniko kingine. Kilichochanika kikaingia ndani, hakuona haja ya kusema.

Pampu ya injini hii haina msaidizi ndani ya tanki, inavuta mafuta yenyewe. Ikivuta kwa nguvu, kile kipande kinasogea hadi kwenye mdomo wa bomba na kuganda hapo kama mlango. Presha kwenye reli inashuka, kompyuta ya gari inapunguza nguvu kwa makusudi ili injini isiumie. Ukizima, mvuto unakwisha, kipande kinaachia. Namba ya kwenye mashine haikusema uongo. Ilisema presha ni ndogo, haikusema kwa nini, na yule kijana hakutafuta.

Ninachoomba kwa wenye gereji wa mji huu ni kidogo. Kabla ya kubadilisha spea, andikeni kwenye risiti mmepima nini na mmekuta nini. "Itakuwa" isiandikwe. Nasi wenye magari tusiseme tu "gari halivuti" na kukabidhi funguo. Tuseme linachoka baada ya dakika ngapi, lina mzigo au halina, moshi wa rangi gani, likipumzika linaponaje. Mzee wangu alianzia kwenye maneno hayo na hayakumlipisha hata shilingi.

Halafu kuna spea kuukuu. Hizo ni mali ya mwenye gari, azikabidhiwe mkononi hata kama anakwenda kuzitupa. Mimi nilipouliza zangu niliambiwa zimeshatupwa, siku ile ile zilipofunguliwa. Gereji hiyo, kama inasoma gazeti lako, ijue kwamba nozeli zangu nne, ambazo sasa nina hakika zilikuwa nzima, bado nazidai.

Mama wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza
(Jina limehifadhiwa)