Barua kwa wazazi: watoto wetu na Tantine wa kompyuta

Lubumbashi, mwisho wa muhula wa pili

Baba na mama wazazi,

Tunawasalimu kwa heshima. Buletini za matokeo zitatolewa Jumamosi asubuhi, darasa kwa darasa, na kila mwalimu atakuwepo kuzungumza nanyi. Matokeo kwa jumla ni mazuri, isipokuwa hesabu za darasa la tano, ambazo bado zinatutia wasiwasi. Ndiyo sababu nataka kukaa zaidi kwenye jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza mlangoni: yule mwalimu wa katuni aliye ndani ya kompyuta za shule.

Watoto wamempa jina la Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa. Ni mchoro wa mwanamke kijana anayepepesa macho, anayeonyesha ubao kwa kidole, na kusema "Bravo" jibu likiwa sawa. Watoto humwamkia wakifungua kompyuta, na wadogo humuaga kabla ya kuizima. Mama mmoja alikuja kwangu na hofu kwamba mtoto wake anaongea na mashine. Mama, usiogope. Mwaka 1996 Byron Reeves na Clifford Nass wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi hata watu wazima, wanaojua vizuri kwamba kompyuta haina roho, wanavyoifanyia adabu kama mtu.

Kilichonigusa zaidi ni watoto wanyamavu. Madarasa yetu yamejaa, na anayekosea ubaoni huzomewa kabla mwalimu hajageuka. Tunaikemea tabia hiyo kila siku na bado haijaisha. Mbele ya Tantine hakuna anayecheka. Anatikisa kichwa, anasema jaribu tena, anangoja. Nimeona watoto ambao tangu Septemba hawakuwa wameinua mkono wakimjibu kwa sauti, wakikosea, wakirudia. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha tuendelee naye.

Ila kumpenda Tantine si kujua hesabu. Mwaka 1997, kule North Carolina, Marekani, James Lester na wenzake waliwapa wanafunzi 100 programu ya kubuni mimea, wakiongozwa na mdudu wa katuni aitwaye Herman. Wanafunzi walimpenda hata pale alipokuwa haongei lolote. Kisha mwaka 2001 Roxana Moreno, Richard Mayer, Lester na mwenzao mwingine wakaonyesha kwamba kilichosaidia kuelewa ni sauti ya mdudu huyo, pamoja na mwanafunzi kutakiwa kujibu mwenyewe. Picha yake ilipoondolewa, masomo hayakuharibika. Kwa hiyo fedha kidogo iliyopo itanunua vifaa vya kusikilizia masikioni, maana sasa kompyuta zote zikiongea pamoja hakuna anayesikia. Hatutanunua programu yenye michoro mizuri zaidi.

Halafu kuna ujanja. Mtoto akikwama hubofya alama ya swali na Tantine humsaidia. Akibofya tena na tena, jibu lenyewe linatoka. Watoto waliligundua hilo upesi sana. Ryan Baker na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa Marekani wenye tabia hiyohiyo, wakaandika mwaka 2004 kwamba hujifunza kidogo kuliko wenzao. Baadaye walibuni mbwa wa katuni, Scooter, anayekasirika akiona mtoto anakwepa kufikiri. Tantine wetu hajui kukasirika, na hawezi kuona kwamba mtoto ana njaa au amefiwa. Kwa sababu hiyo hakuna mwalimu atakayeondolewa shuleni kwa ajili yake. Muhula ujao kila mwanafunzi ataandika njia yake kwenye daftari kwanza, mwalimu aione, ndipo afungue kompyuta.

Lugha nayo inanisumbua. Tantine anaongea Kifaransa tu, na wale wa darasa la kwanza na la pili wanaitikia kwa kichwa bila kuelewa. Mwaka 2013 Samantha Finkelstein, Justine Cassell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walikuta kwamba watoto Wamarekani weusi walifanya vizuri zaidi katika sayansi pale mtoto wa katuni alipoongea nao kwa lahaja ya kwao. Sheria yetu ya elimu hapa Kongo, ya tarehe 11 Februari 2014, inakubali lugha za taifa katika miaka ya mwanzo. Basi kwa madarasa hayo mawili mwalimu atafundisha somo kwa Kiswahili chetu kwanza, Tantine atafuata.

Kwenu nina ombi moja. Kule Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kuna programu ambamo katuni, msichana aitwaye Betty, hafundishi: yeye ndiye anayefundishwa na mwanafunzi. Ilionekana kwamba watoto hujitahidi zaidi kwa ajili ya Betty kuliko kwa ajili yao wenyewe. Nanyi mnaweza kukaa pale alipokaa Betty. Jioni, bukari (ugali) ikiwa motoni, mwambie mtoto akueleze sehemu, nusu na robo, kwa Kiswahili, hata kama wewe hukusoma sana. Muulize "kwa nini?" na umwache atafute. Msinunue simu kwa ajili hiyo.

Wanaofanya kazi mpakani Kasumbalesa na hawatafika Jumamosi wamtume ndugu mtu mzima, au wanione ofisini Jumatatu kabla ya saa sita.

Wenu katika kazi ya kulea,

Direkta wa shule