Risala ya kikundi cha jinomu za bakteria kwa mgeni rasmi, siku ya kufunga mafunzo

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, mafundi wa maabara, wazazi na ndugu wote mliofika, habari za mchana.

Mgeni rasmi tunakushukuru sana kwa kukubali mwaliko, tunajua ratiba yako ilivyobana na umekuja mwenyewe bila kutuma mwakilishi, kwetu hilo ni kubwa. Tumechaguliwa tusome risala kwa niaba ya wenzetu wote na tumekubaliana tusikusomee orodha ndefu ya shughuli maana ripoti unayo mezani, tutakueleza jambo moja tu ambalo linatukosesha usingizi.

Sisi kazi yetu ni kusoma DNA ya bakteria na kuiandaa iingie kwenye benki za data ambazo watafiti wa dunia nzima wanachota humo. Kwa maneno mepesi ni hivi, unakuza bakteria, unatoa DNA yake, mashine inaisoma vipande vipande, halafu kompyuta inaunganisha vile vipande mpaka upate jinomu, yaani maandishi yote ya yule kiumbe kwa herufi nne tu A, C, G na T. Jinomu ya kwanza kusomwa nzima ya kiumbe kinachojitegemea ilikua ya Haemophilus influenzae mwaka 1995, herufi kama milioni 1.8, na enzi hizo ilikua kazi ya timu kubwa na pesa nyingi. Sasa hivi maabara ya kawaida inasoma bakteria kadhaa kwa mpigo ndani ya siku chache, na benki tatu kubwa, GenBank ya Marekani, ENA iliyopo Uingereza na DDBJ ya Japani, ambazo zinabadilishana data kati yao, zina jinomu za bakteria malaki kwa malaki.

Sasa mgeni rasmi hapo kwenye wingi ndo penye tatizo lenyewe. Jinomu kuwepo benki haimaanishi ni ya kuaminika. Benki zinafanya ukaguzi wao na kila mwaka ukaguzi unaboreshwa, tunawapongeza kwa hilo, lakini bakteria alitoka wapi, alikuzwa kwenye nini, alipandikizwa upya mara ngapi kabla ya kusomwa, hayo yote benki inaandika vile alivyosema mleta data, na akiacha wazi panabaki wazi.

Tukupe mifano maana bila mifano utaona tunalalamika tu. Kuna kirusi kidogo kinaitwa PhiX174, timu ya Fred Sanger ilikisoma mwaka 1977, kina herufi 5,386. Kwa sababu kinajulikana vizuri hivyo, mashine za kusoma DNA za kampuni ya Illumina mara nyingi zinachanganyiwa DNA yake kidogo ili kupima kama mashine inasoma sawasawa, na baada ya hapo unatakiwa uitoe. Wengi hawakuitoa. Mwaka 2015 watafiti walipopekua benki wakakuta zaidi ya jinomu 1,000 za vijidudu zina vipande vya PhiX ndani yake, na zimekaa humo zinasomwa na watu. Fikiria mwanafunzi anashusha jinomu moja kati ya hizo, anakuta jeni za kirusi, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kutengeneza protini, ndani ya bakteria wake, anaanza kuandika tasnifu kuhusu kirusi kilichoingia kwenye bakteria, kumbe ni mabaki ya kipimo cha mashine.

Ya pili ndo inatuumiza zaidi. Mwaka 2019 kundi la mtafiti Steven Salzberg lilionyesha kwamba zaidi ya jinomu 2,000 za bakteria na wenzao zimeingiliwa na DNA ya binadamu, ya watu waliozishika au ya wagonjwa walikotoka sampuli. Ubaya haukuishia kwenye uchafu wenyewe. Programu zinazotafuta jeni ziliingia kwenye vile vipande vya binadamu zikatangaza humo kuna protini za bakteria, na kwa kuwa vipande vile vile vya binadamu vinavyojirudia rudia viliingia kwenye bakteria wengi wasio na undugu, programu nyingine ikalinganisha ikasema hii protini ipo kwa bakteria wengi basi lazima ni muhimu, imetunzwa miaka na miaka ya mageuzi! Yakatokea maelfu ya protini ambazo hazipo duniani, zimepewa namba na zimepangwa kwenye familia. Yaani kosa la maabara hii linatoa ushahidi kwa kosa la maabara ile, na ukija wewe unaona mashahidi wengi wanakubaliana unaamini. Tunaomba hili ulikumbuke mgeni rasmi, kwa sababu watu wengi wanatuambia kosa moja moja litamezwa na wingi wa data, sisi tunaona hapa wingi ndo uliolipa kosa nguvu.

Wapo waliookolewa na uwazi. Mwaka 2015 timu moja ilichapisha jinomu ya tardigredi, yule mdudu mdogo sana anayevumilia ukavu na baridi kali, wakasema karibu sehemu moja ya sita ya jeni zake zimetoka kwa bakteria na viumbe wengine. Ilikua habari kubwa. Haikupita muda timu ya Edinburgh ambao walikua wanasoma mdudu huyo huyo wakalinganisha data za wenzao na zao, wakaonyesha sehemu kubwa ya hizo jeni ngeni ni DNA ya bakteria waliokuwepo kwenye sampuli, hazikua zimeingia kwa mdudu kabisa. Suala likaeleweka mapema kwa sababu kulikua na data za kulinganisha. Ndo maana sisi tunashikilia kwamba jinomu iliyokamilika isiende benki peke yake, iende na data ghafi kama zilivyotoka kwenye mashine. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mtafiti anayeficha data ghafi hawezi kusahihishwa na mtu.

Labda mtu atauliza herufi mbili tatu zikikosewa kuna shida gani. Kwa kifua kikuu shida ipo kubwa. Kuna jeni inaitwa rpoB, badiliko la herufi moja tu pale kwenye nafasi ya 450 ya protini yake linatosha kumfanya bakteria asisikie dawa ya rifampisini, na rifampisini ndo mhimili wa matibabu. Herufi moja kati ya milioni 4.4. Sasa mashine ikisema ubora wa herufi ni Q30 maana yake kuna uwezekano wa kukosea mara moja kwa kila herufi 1,000, kwa hiyo ukisoma jinomu kama hiyo mara moja tu unabaki na makosa maelfu, na ndo sababu kila sehemu tunaisoma mara nyingi, mara 50, mara 100, mpaka herufi ithibitishwe na vipande vingi. Mashine zinazosoma vipande virefu zinasaidia sana kuunganisha jinomu iwe duara kamili, ila baadhi yake zinapokutana na herufi moja iliyojirudia, mfano A nane mfululizo, zinaweza kuhesabu saba, jeni inakatika katikati na programu inaandika jeni imekufa wakati kwenye bakteria mwenyewe ipo hai na inafanya kazi. Hata E. coli K-12, bakteria aliyechunguzwa kuliko wote, jinomu yake ilichapishwa 1997 na ikasahihishwa 2006 baada ya kusomwa upya. Hatuwalaumu waliotangulia, walifanya kazi nzito kwa vifaa vya wakati wao, na walirudi kusahihisha, sisi tunataka hiyo tabia ya kurudi iwe ya kawaida.

Halafu kuna jambo la bakteria mwenyewe, hili watu wa kompyuta tunalisahau. Faili sio bakteria. Kila ukimpandikiza kwenye sahani mpya anaendelea kubadilika, kwa hiyo straini, yaani ukoo mmoja ndani ya spishi, yenye jina moja iliyokaa kwenye maabara mbili miaka mingi inaweza isiwe kitu kimoja tena. Ilishaonekana kwa H37Rv, straini ya kifua kikuu ambayo dunia nzima inaitumia kama kipimo, mwaka 2010 walisoma zile zilizotunzwa maabara tofauti wakakuta zimetofautiana. Ukichukua jinomu ya benki ukafanya jaribio na chupa iliyopo kwenye friza yako bila kuhakikisha, unaweza kua unasoma ramani ya mji mwingine. Makusanyo makubwa ya vijidudu kama NCTC ya Uingereza iliyoanza 1920, ATCC ya Marekani ya 1925 na DSMZ ya Ujerumani yanatunza bakteria wakiwa wamegandishwa au wamekaushwa ili wasibadilike, na ATCC tangu 2019 wanatoa jinomu walizosoma wenyewe kutoka kwenye vichupa vyao, ili faili na chupa viwe na chanzo kimoja. Huo ndo mfano tunaoufuata kwa udogo wetu.

Kwetu hapa jinomu haitoki mpaka ipite hatua kadhaa. Tunaangalia zile jeni ambazo kila bakteria wa kundi hilo anatakiwa awe nazo moja moja, zikikosekana jinomu ina mapengo, zikiwa mbili mbili kuna mwenzake kaingia. Kipimo cha 2017 kinachotumika kwa jinomu zilizotolewa kwenye sampuli zenye mchanganyiko wa viumbe kinasema ili jinomu ihesabiwe ya ubora wa juu ukamilifu uzidi asilimia 90 na uchafuzi uwe chini ya asilimia 5, sisi kwa bakteria aliyekuzwa peke yake tunataka zaidi ya hapo. Jina tunalihakiki kwa kulinganisha na straini kielelezo, mfanano ukishuka chini ya asilimia 95 hivi tunasimama. Na kila tunapotoa na kusoma DNA tunapitisha chupa isiyo na bakteria yoyote, kwa sababu hata dawa za kutolea DNA zinakuja na DNA zake, hili lilionyeshwa wazi 2014. Lakini mgeni rasmi hakuna programu inayoona kila kitu, ukichanganya straini mbili za spishi moja vipimo vingi vinapita vizuri tu, na hapo kinachookoa ni daftari la fundi aliyeandika kolonia, yale madoa ya bakteria kwenye sahani, zilikua na sura mbili.

Changamoto tunazo. Anayekaa wiki nzima kusafisha data na kujaza taarifa za sampuli jina lake halionekani popote, anayehesabiwa ni aliyetoa jinomu nyingi, kwa hiyo vijana wanakimbilia idadi. Nafasi ya kuhifadhi data ghafi inajaa na tukiambiwa tufute tunajua tunafuta ushahidi. Friza zetu zote ziko chumba kimoja, umeme ukikatika muda mrefu jinomu zitabaki bila wenyewe.

Kwa hiyo maombi yetu mgeni rasmi. Tunaomba kwenye tathmini za kazi zenu muanze kuhesabu jinomu zilizosahihishwa na hata zile zilizoondolewa benki baada ya kugundulika ni mbovu, kuondoa data mbovu ni kazi ya sayansi kamili. Tunaomba ajira ya kudumu ya mhakiki wa data, mtu ambaye hiyo ndo kazi yake na sio mwanafunzi anayepita. Tunaomba nakala ya pili ya bakteria wetu itunzwe jengo lingine, na nafasi ya data ghafi iongezwe kabla hatujaongezewa mashine, tena tungependa hilo la mashine lisubiri kabisa kama itabidi kuchagua. Na mradi wowote utakaoletwa kwako kusainiwa, tunaomba uulize chupa iko wapi na data ghafi iko wapi, na wasipokua na jibu usisaini siku hiyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.