Usipande basi siku ya ndege

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako mdogo wako kanisomea mara mbili, maana ya kwanza sikuamini. Eti utatoka Mtwara Alhamisi alfajiri kwa basi, na usiku huohuo upande ndege ya Guangzhou. Nani kakupa akili hiyo?

Ndege hainipi shida. Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700, na ya moja kwa moja huenda kwa muda wa saa 11 hivi. Mdogo wako kabisha, kahesabu kwenye tiketi kapata 16. Nikamwambia toa tano, China wametutangulia kwa saa tano. Siku ya kurudi hizo tano zitakudanganya tena, utadhani umesafiri saa sita au saba tu, kumbe ndege imechelewa kuliko ya kwenda, kwa kuwa huko juu upepo hutoka magharibi nanyi mtakuwa mnaupinga.

Sasa basi. Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 tu, na saa tisa, kumi zinakwisha njia ikiwa nzima. Saa zilezile karibu za kwenda China! Tena ni Machi, mvua hizi. Daraja la Mkapa la mwaka 2003 lilituondolea kivuko cha Rufiji, sawa, lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara si ilikatika Somanga, abiria wakalala njiani? Na ukifika Mbagala salama, kuna foleni. Uwanjani wanakutaka saa tatu kabla. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye msomi.

Panda basi Jumanne. Ulale kwa shangazi yako. Najua hamsemeshani tangu ile harusi. Nenda hivyohivyo, na kilo mbili za korosho mkononi, hatakufukuza.

Msikitini kila mtu anajua kwamba binti yangu kapata ufadhili. Nimesema mimi, sikungoja kuulizwa. Nitawaambia nini ndege ikikuacha ungali Ikwiriri? Nauli ya siku mbili kabla ni ileile, mama. Jumanne, si Alhamisi.

Ndani ya ndege kunywa maji, hewa yake ni kavu, na usiogope kuwasumbua wenzako ukitaka kupita.

Huku Newala mvua ni nzuri ila mfereji wa bati upande wa jikoni umeachia, maji yanamwagika chini badala ya kuingia kisimani, na kiangazi unakijua kilivyo huku juu. Fundi anataka hela kabla ya kazi. Nimemkatalia. Mbuzi yule mweupe kazaa mapacha.

Usihangaike kuja kuaga. Nitateremka mwenyewe Jumatatu, kesho yake nikupandishe basi kwa macho yangu. Ufunguo wa kabati la mama yako umeondoka nao tena; uutafute kabla sijafika.

Baba yako