Mbia wa kwanza wa shule zetu ni mwanakijiji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ubia kati ya serikali na sekta binafsi, yaani mwekezaji anatoa mtaji na serikali inamlipa baadaye kidogo kidogo, ambao sasa unatajwa hata kwenye ujenzi na uendeshaji wa shule. Sheria ya ubia tunayo tangu mwaka 2010, na mwaka 2023 ilifanyiwa marekebisho. Siupingi. Huku Kasulu, mtu akija na mtaji wa kujenga bweni la wasichana au nyumba za walimu, nitampokea kwa mikono miwili.

Ila kuna jambo sijasikia likisemwa. Shule nyingi za vijijini mkoani Kigoma tayari zina mbia, naye ni mwanakijiji. Kijijini kwetu lipo boma la madarasa mawili. Matofali tulifyatua na kuchoma wenyewe, kina mama wakasomba maji na mchanga kichwani. Likafika kwenye lenta, likasimama kusubiri bati za halmashauri. Leo ndani pameota magugu na mvua imeanza kula matofali ya juu. Akija mwekezaji akapaua, akapiga plasta na kutia madirisha, hesabu ya mtaji itaanzia wapi? Jasho letu na ardhi ya kijiji visipoandikwa kwenye mkataba kama mchango wetu, serikali itamlipa miaka na miaka hata kwa kuta alizozikuta zimesimama.

Yaliyowakuta wenzetu yatufungue macho. Huko Edinburgh, Uskoti, Januari 2016 ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs, iliyojengwa kwa ubia, uliporomoka wakati wa dhoruba. Mungu saidia, watoto walikuwa hawajafika. Aprili zikafungwa shule 17 za ubia huohuo kwa sababu za usalama, na uchunguzi ukaonyesha kuta hazikuunganishwa sawasawa na ukaguzi wa ujenzi ulikuwa hafifu.

Mwaka huohuo Liberia ilikabidhi shule 93 za serikali kwa waendeshaji binafsi. Watoto walijifunza zaidi kuliko wa shule nyingine, na hilo lazima lisemwe. Lakini mwendeshaji mmoja aliweka kikomo cha wanafunzi darasani, na waliozidi wakaondolewa. Sisi wenye kata ya sekondari moja, mtoto akiondolewa ataenda wapi? Elimu bila ada tuliyoanza nayo mwaka 2016 haitakuwa na maana kwake.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za Kigoma: kabla ya kusaini, mkataba usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na kifungu kinachokataza kumwondoa mtoto wa eneo husika. Mhandisi wa halmashauri akague kila hatua, msingi hadi paa, asingoje siku ya kukabidhiwa funguo. Na nguvu za wananchi zithaminiwe kwa shilingi kabla mwekezaji hajagusa tofali. Boma letu linaweza kupimwa hata kesho. Daftari la michango ya kila kaya lipo kwa mtendaji wa kijiji.

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Kasulu, Kigoma